Dai la Jino Likikataliwa, Sababu Iandikwe

Mwishoni mwa mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mama mmoja, mtumishi wa umma anayeishi kisiwani Pemba, akiwa na bahasha ya khaki mkononi. Hakuja kupiga kelele. Alikaa kitako, akafungua bahasha yake na kututandazia mezani karatasi moja baada ya nyingine: picha ya eksirei ya taya la chini, cheti cha daktari wa meno, stakabadhi mbili za nauli ya boti, na barua ya mfuko wa bima ya afya yenye mstari mmoja tu, usemao kwamba ombi lake la matibabu halikukubaliwa. Barua ilikuwa na muhuri na sahihi. Sababu haikuwamo. Haikutaja kifungu chochote cha sheria wala kanuni, na haikumwambia kwamba anaweza kuupinga uamuzi huo, kwa nani, wala kabla ya tarehe gani.

Hatutautaja mfuko huo kwa jina. Visiwani humu wamo watumishi wa Serikali ya Mapinduzi na watumishi wa Muungano, na mifuko ya umma inayowahudumia si mmoja. Zaidi ya hayo, hatukupata nafasi ya kuusikiliza upande wa pili, na nia yetu si kumshitaki karani fulani. Nia yetu ni kulitazama jambo ambalo, kwa maoni yetu, litawafika watu wengi zaidi kadiri bima ya afya ya umma inavyopanuka.

Habari yenyewe ni fupi. Gego la chini la kulia la mama huyu lilikuwa limeoza hadi kwenye kiini. Daktari alimwambia kwamba jino bado laweza kuokolewa, kwa kusafisha mizizi yake, kuiziba, na kisha kulivika jino kofia. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa kadi mpaka kipatikane kibali cha awali, kwa hiyo fomu ilijazwa ikapelekwa. Baada ya wiki kadhaa ukaja ule mstari mmoja. Mama akaenda dirishani kuuliza. Karani wa kwanza alimwambia huduma hiyo haimo katika mafao. Safari ya pili, karani mwingine alimwambia huduma imo, ila picha haikuonyesha tatizo. Mara ya tatu aliuliza kwa simu, akaambiwa huenda mchango wa mwezi mmoja haujafika kutoka kwa mwajiri wake. Vinywa vitatu, sababu tatu, na hata moja haikuandikwa.

Wakati huo huo jino halikungoja. Uso ulivimba, homa ikapanda, na usiku mmoja alikimbizwa hospitali, ambako gego liling'olewa. Kwa kazi ile ya kung'oa kadi yake ilipokewa papo hapo bila ya swali. Mwezi mmoja baadaye ofisa mmoja mwenye subira (tungependa kumshukuru, nasi hatumjui) alilitoa jalada, akalisoma tangu mwanzo hadi mwisho, akaona yaliyotokea. Madaktari wa meno huyataja meno kwa tarakimu mbili, ya kwanza ikionyesha upande wa taya na ya pili ikionyesha nafasi ya jino kuanzia katikati. Gego la kwanza la chini upande wa kulia ni 46. Lile la kushoto ni 36. Picha ilionyesha ubovu katika 46, lakini fomu iliandikwa 36. Mpitiaji wa madai alitazama 36 katika picha, akaona jino zima, akakataa. Kwa yale yaliyokuwa mbele yake, alikuwa sahihi. Kosa likasahihishwa, na kibali kikatoka. Mama alituonyesha kibali hicho pia. Kinaruhusu kutibiwa kwa jino ambalo halimo tena kinywani mwake.

Tungeweza kuliita jambo hili bahati mbaya na kuliacha hapo. Tarakimu moja ikikosewa, hata ofisi iliyo bora duniani huteleza. Lakini tukilichungua vizuri tunaona kwamba kilichomnyima mama huyu jino lake si tarakimu. Ni ile barua ya mstari mmoja. Lau barua ingesema kwamba picha haionyeshi ubovu katika jino namba 36, daktari wake angeliona kosa siku hiyo hiyo, angelifuta na kuandika upya, na shauri zima lingekwisha kwa wino wa senti chache. Sababu iliyoandikwa ingetosha kuwa rufaa nusu.

Watu wengi, na miongoni mwao wamo watendaji wakubwa, huchukulia jino kuwa jambo dogo. Fikra hii haikuzuka hapa kwetu, nayo ina historia. Chuo cha kwanza cha kufundisha udaktari wa meno peke yake kilifunguliwa mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1840, na tangu hapo fani hii ikakua mbali na fani ya tiba, ikiwa na shule zake, vyeti vyake na bei zake. Bima zilipokuja ziliukuta utengano huo, zikaurithi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 iliyoanzisha bima ya serikali kwa wazee iliyatoa matibabu ya kawaida ya meno nje ya mafao. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, meno yalitibiwa bila malipo, na watu wakamiminika kwa wingi kiasi cha kuitikisa hazina. Mwaka 1951 serikali ikaamua kutoza ada ya meno ya bandia na miwani, na Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi huduma hiyo, akajiuzulu kwa kuupinga uamuzi huo. Waziri mzima aliachia kiti chake kwa ajili ya meno ya bandia. Tunalikumbusha hili kwa wale wanaodhani kwamba mjadala wa jino haustahili meza ya wakubwa.

Nao mwili hauutambui utengano huo. Usaha ulioko chini ya gego unaweza kushuka sakafu ya mdomo, ukavimbisha shingo na kuziba njia ya pumzi. Unaweza kupanda ukafika ubongoni. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, mtoto wa miaka 12 alifariki dunia baada ya maambukizi ya jino kuingia katika ubongo wake. Kung'oa jino lile kungegharimu yapata dola 80. Gharama za hospitali za kujaribu kuyaokoa maisha yake zilipita dola 250,000, na hazikumwokoa. Bima ya umma ya familia yake ilikuwa imekatika. Miaka miwili baadaye, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria iliyolazimisha mpango wa bima ya watoto ugharimie pia matibabu ya meno. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana maradhi ya kinywa, na mwaka mmoja kabla ya hapo liliiweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Dunia imeanza kukiri kwamba mdomo ni sehemu ya mwili.

Hapa Zanzibar, matibabu bila malipo yalitangazwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa miaka mingi mgonjwa wa jino hakuhitaji kufahamu maneno kama kibali, kitita au dai. Alikwenda hospitali, kama dawa na vifaa vilikuwapo alitibiwa, na kama havikuwapo jino liling'olewa au alirudi nyumbani. Kwa Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ya mwaka 2023 tumeingia katika utaratibu mwingine, ulioanza na watumishi wa umma na kuendelea katika sekta binafsi. Kule Bara, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mtumishi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikafuata huko mwaka 2023. Sisi tunaiunga mkono njia hii. Lakini ni lazima ieleweke kwamba pindi mtu anapokatwa katika mshahara wake ili atibiwe, hali yake hubadilika. Haji tena dirishani kuomba hisani. Anakuja kudai alichokilipia, na anayemkatalia anawiwa na maelezo.

Hatusemi kwamba kila dai likubaliwe. Fedha za mfuko ni za wanachama wote, na wapo watoa huduma wasioogopa Mungu wanaoandika kazi ambazo hawakuzifanya. Jino haling'olewi mara mbili. Karani anayekutana na dai la pili la kung'oa jino lile lile la mtu yule yule ana wajibu wa kulitupa, na tutampongeza. Vile vile si kila matibabu ya meno ni ya lazima. Anayetaka meno yake yang'ae kwa ajili ya harusi hana sababu ya kumtwisha mkulima wa karafuu gharama hiyo. Mfuko usiokataa dai lolote utafilisika, na siku utakapofilisika watakaoumia ni wanyonge. Kukataa ni sehemu ya kazi ya bima. Neno letu liko juu ya namna ya kukataa.

Na hapa ndipo tunapotaka msomaji atuvumilie kidogo, kwa kuwa jambo hili watu wengi hulichanganya. Madai hukataliwa kwa sababu mbalimbali, na kila sababu ina jawabu lake. Ikisemwa kwamba huduma haimo katika mafao, ubishi ni wa maandishi: kitita kifunguliwe, kisomwe, ionekane imo au haimo. Hapo cheti cha daktari hakisaidii neno. Ikisemwa kwamba huduma imo lakini haikuwa ya lazima, ubishi ni wa kitaalamu, na anayepaswa kuujibu ni daktari wa meno kwa kueleza kwa nini kung'oa hakutoshi, au kwa nini kusubiri kuna hatari. Ikisemwa kwamba kibali hakikuombwa kabla, huenda jawabu likawa kwamba ilikuwa dharura, kwa maana mtu aliyevimba shingo saa nane za usiku hawezi kungoja ofisi ifunguliwe. Ikisemwa kwamba karatasi zina kasoro, jawabu ni karatasi iliyosahihishwa. Na ikisemwa kwamba mchango haukufika, hapo pana dhuluma ya aina yake, kwa sababu mtumishi amekwisha kukatwa katika mshahara wake na aliyechelewesha ni mwajiri. Ugomvi huo ni wa mfuko na mwajiri. Mgonjwa hakustahili kutiwa katikati.

Sasa mtazame yule mama aliyepewa sababu tatu kwa vinywa vitatu. Angekata rufaa juu ya ipi? Angeleta kitita, au picha nyingine, au hati ya mshahara? Asiyejua ameshitakiwa kwa kosa gani hawezi kujitetea, na kumwambia kwamba mlango wa rufaa uko wazi ni kumkejeli.

Kuna jambo jingine ambalo huufanya mwanya huu kuwa mpana zaidi. Katika utaratibu wa bima uliozoeleka kwetu, mara nyingi mwenye kudai si mgonjwa. Mgonjwa huonyesha kadi, hutibiwa, hutia sahihi, na hospitali ndiyo hupeleka fomu kwa mfuko kudai malipo. Mfuko ukikata dai, barua huenda hospitalini. Mgonjwa hana habari, mpaka siku anaporudi na kuambiwa alipe taslimu, au kwamba hospitali haipokei tena kadi ya namna hiyo. Tuliliona hili kwa kiwango kikubwa Bara mwezi Machi 2024, wakati kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wa bima kwa kutoridhika na bei. Mfuko ulikuwa na hoja zake, wenye hospitali walikuwa na zao, na baina yao alisimama mgonjwa mwenye kadi halali mkononi, asiyekuwa na kiti katika mazungumzo. Kwa hiyo tunaposema haki ya rufaa, hatukusudii haki ya hospitali kudai fedha zake peke yake. Twakusudia haki ya mwanachama mwenyewe, kwa jina lake, hata kama hospitali imekata tamaa na dai hilo au imeona ni dogo mno kulishughulikia.

Wenzetu wamefanyaje? Ujerumani, ambayo bima yake ya ugonjwa ilianza mwaka 1883, imelifikisha jambo hili mahali pa kupigiwa mfano. Huko, mtu akihitaji kazi kubwa ya meno, mpango wa tiba na gharama hupelekwa kwa mfuko wake kabla ya kazi kuanza. Mfuko ukitaka maoni ya mtaalamu wa meno, sheria inautaka utoe uamuzi ndani ya wiki sita. Ukikataa, mwanachama ana mwezi mmoja wa kupinga kwa maandishi. Na hapa pana jambo lililotuvutia mno: barua ya kukataa ikiwa haikumweleza mwanachama kwamba ana haki ya kupinga, kwa nani na kwa muda gani, basi mwezi ule mmoja hugeuka kuwa mwaka mzima. Yaani ofisi inayoficha mlango wa rufaa hujiadhibu yenyewe. Akishindwa katika hatua hiyo, mwanachama huenda mahakama ya masuala ya jamii, na hatozwi ada ya mahakama.

Marekani, ambayo hatuna desturi ya kuisifu kwa mambo ya afya, nayo ina somo lake. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu hawezi kuondolewa katika msaada wa umma kabla ya kupewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Kutokana na msingi huo, mwanachama wa bima ya umma ya watu wa kipato cha chini anayekataliwa tiba hupewa barua yenye sababu, na ana siku 60 za kuupinga uamuzi mbele ya kampuni inayosimamia bima yake. Akishindwa hapo, ana siku 120 za kuomba asikilizwe na ofisa wa jimbo asiyehusika na uamuzi wa kwanza. Kama alikuwa tayari anapata tiba fulani na ikakatizwa, akiwahi kuomba ndani ya siku 10 anaweza kuendelea kuipata mpaka shauri liamuliwe. Kwa watu wazima, kila jimbo hujipangia lenyewe kiasi cha matibabu ya meno litakachogharimia, na mengine ni mabahili kwelikweli. Lakini kwa watoto sheria imetaja wazi kuondoa maumivu na maambukizi, kurekebisha meno, na kuyatunza. Jirani zetu wa Kenya nao, katika Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, waliweka baraza maalumu la kuamua migogoro.

Hatuhitaji kuiga kila kitu, kwani msingi tunao hapa hapa nyumbani. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 12, inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu wakati haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, na inampa haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Maneno "chombo kingine" hayakuwekwa pale kwa mapambo. Mfuko wa umma unaoamua kama jino la mtu litibiwe au lisitibiwe ni chombo kinachoamua haki yake. Kwa hiyo rufaa si upole wa meneja wala si fadhila ya wizara.

Tunajua jawabu litakalotoka katika baadhi ya ofisi. Watasema watumishi ni wachache, madai ni mengi, na kuandika sababu kwa kila dai kutachelewesha kazi. Hatukubaliani nao. Mpitiaji anayekataa dai ana sababu kichwani mwake wakati anakataa; kama hana, hakupaswa kukataa. Kuiandika ni kazi ya dakika mbili. Yule mama alifika dirishani mara mbili, akapiga simu mara moja, akalazwa kwa dharura, kisha ofisa mwingine akatumia asubuhi nzima kulisoma jalada lake. Dakika mbili zilizookolewa na mpitiaji wa kwanza zililipwa na watu wengi, na mfuko wenyewe ukalipia usiku wa hospitali.

Kisha liko suala la bahari. Mtu wa Mjini anaweza kwenda ofisi ya bima kwa daladala wakati wa mapumziko ya mchana. Mtu wa Micheweni hawezi, seuze aliyeko Kojani au Makoongwe, ambaye hana budi kupanda chombo hata kabla ya kufikiria boti kubwa. Stakabadhi mbili za nauli alizotuonyesha mama yetu, tukiongeza siku za kazi alizopoteza, zinakaribia sehemu kubwa ya thamani ya tiba aliyokuwa akiidai. Hapo mtu mwenye akili hufanya hesabu na kuacha. Rufaa inayomgharimu mdai zaidi ya dai lenyewe hukatwa na wakaidi na matajiri tu, na watendaji wanaojivunia kwamba hawapokei malalamiko wajiulize kwanza kama ukimya huo unatokana na kuridhika au na nauli.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila barua ya kukataa itaje jino lenyewe kwa namba na kwa maneno ya kawaida, sababu na kifungu cha kanuni kilichotumika, pamoja na mahali pa kukatia rufaa na siku ya mwisho. Iandikwe kwa Kiswahili anachokielewa mwanachama, na nakala apelekewe yeye, isiishie hospitalini. Rufaa ipokelewe katika kila wilaya, Pemba na Unguja, na hata kupitia ofisi ya sheha, kwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Atakayeisikiliza asiwe yule yule aliyekataa mara ya kwanza, na katika masuala ya meno awepo daktari wa meno, kwa sababu tumesikia ya watu wasiowahi kushika kioo cha mdomoni wakihukumu mizizi ya magego. Dharura ijibiwe ndani ya siku moja au mbili. Na mtu anapokubaliwa kung'olewa papo hapo lakini anazungushwa miezi akitaka jino lake liokolewe, wizara ijue kwamba utaratibu wenyewe unawasukuma watu kwenye koleo. Kung'oa ni rahisi leo. Pengo hubaki, meno ya jirani huinama, mtu hutafuna upande mmoja, na miaka michache baadaye anarudi kuomba meno ya bandia.

Mpaka hayo yatakapofanyika, wanachama nao wana la kufanya. Usikubali jawabu la mdomo. Omba liandikwe, na kama karani anakataa, andika wewe barua ukieleza ulichoambiwa, na nani, na tarehe gani, kisha peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mwombe daktari wako aandike kwa ukamilifu ni jino gani, lina ugonjwa gani, kwa nini tiba nyingine haitoshi na nini kitatokea likicheleweshwa. Ilinganishe namba iliyo katika fomu na ile iliyo katika cheti kabla hujaondoka kwa daktari. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Tunza picha, stakabadhi na hati za mshahara zinazoonyesha makato. Usingoje maumivu yaishe ndipo uandike, kwani muda wa rufaa huhesabiwa tangu siku ya barua. Na mfuko ukinyamaza, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi hapa Zanzibar, na kazi yake mojawapo ni kuchunguza ofisi za umma zinazotumia madaraka yake vibaya.

Tungependa pia waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi walichukue jambo hili katika kikao kijacho. Waiulize wizara inayohusika ni maombi mangapi ya matibabu ya meno yaliyoletwa mwaka uliopita na mangapi yaliyokataliwa. Kati ya hayo, ni mangapi yaliyopewa sababu ya maandishi. Ni wanachama wangapi waliokata rufaa, wangapi walitoka Pemba, na wangapi walishinda. Majibu yakitolewa, tutayachapisha katika ukurasa huu kama yalivyo.